Mafuta ya Vitamini na Damu ya Kwihara

Isevya, Tabora
Jumapili, 3 Agosti 2025

Kwa dada yangu mpenzi Tunu,

Asalaam alaikum, na shikamoo dada. Mwili wangu mzima, na tangu mwezi uliopita hata roho imeanza kuwa nzima, jambo ambalo nitalieleza hapo mbele. Vipi huo mguu? Masele aliposhusha mchele wako hapa ameniambia kwamba plasta inafunguliwa Jumatano, tena kwamba hata ukiwa nayo unapanda juu ya magunia ya mchele na kuwaelekeza wapakiaji kwa fimbo. Kama ni kweli nakuomba uache, maana ni magunia hayohayo yaliyokuangusha. Shemeji hajambo? Wanao hawajambo? Sisi huku upepo umetukausha mpaka midomo, vumbi linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, lakini tunamshukuru Mungu, tunakula na kulala.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati sote tuna simu. Dada, simu yako naifahamu. Nikipiga unaiweka sauti kubwa juu ya mzani, unaendelea kupima mchele, na kila mteja wa Bukene anatoa maoni yake. Haya ninayotaka kukuambia si ya mezani wala ya mzani. Masele amekubali kuibeba barua hii kwenye fuso lake na kukupa mkononi. Tafadhali isome ukiwa umekaa, peke yako, mlango ukiwa umefungwa.

Naanza na habari njema, kwa sababu najua presha yako. Najiat amepona. Uso wa binti yako umerudi, umebaki na kivuli kidogo tu chini ya jicho la kushoto, na daktari anasema hicho nacho kitaondoka akijikinga na jua. Harusi ipo palepale, tarehe kumi na sita. Mama yake Sadiki amekuja kumwona mara mbili, na mara ya pili alimshika mkwewe kidevu akamgeuza huku na huku kama mtu anayechagua nyanya, akaridhika, akaomba chai. Kwa hiyo pumua. Yanayofuata yana mzunguko, na nitayasimulia kwa mpangilio wangu. Ukikimbilia mwisho utaitupa barua hii jikoni kabla hujajua unachotakiwa kufanya.

Unakumbuka Najiat alivyoshuka hapa mwishoni mwa Juni, na begi lake na chupa mbili tupu za mafuta yangu ya vitamini. Harusi wakati ule ilikuwa tarehe kumi na mbili Julai. Wewe mguu wako ulikuwa juu ya mto, kwa hiyo kazi yote ya kumweka mwali ndani na kumsinga ikawa yangu, mimi mama yake mdogo. Niliifurahia kweli. Mungu hakunipa binti, na nilijiona nimekopeshwa wako kwa wiki mbili.

Siku ileile ya kwanza akaniletea malalamiko yake. Alisema amepaka mafuta yangu tangu Aprili, asubuhi na jioni, kama ulivyomwamuru. Nywele zake zilizokuwa zikikatika ncha kwa rasta za kubana zimeacha kukatika. Visigino vimelainika. Ngozi yote inateleza. Lakini rangi ni ileile ya babu yake. Akaniuliza kwake yeye damu ya Kwihara itaanza kuja lini. Hakuuliza kwa utani, dada. Alikuwa akisokota pembe ya kanga na macho hayaniangalii. Kumbe mama yake Sadiki alikuuliza siku ya posa kama binti atabaki mweusi vilevile, nawe ukamjibu asiwe na shaka, sisi tuna damu ya Kwihara, kwetu weupe hujitokeza baadaye, amtazame mdogo wako wa Isevya.

Hadithi hiyo naijua. Kwamba mama yake bibi yetu alizaliwa Kwihara enzi za misafara, kwamba baba yake alikuwa Mwarabu mwenye nyumba kubwa ya tembe pale njiani, na kwamba ndiyo maana katika kila kizazi chetu hutoka mmoja mweupe. Mmoja huyo nilikuwa mimi. Baba, Mungu amrehemu, watu walimwita Mpingo kwa weusi wake, wala hakuona ubaya, mwenyewe alikuwa seremala. Wewe ulimfuata yeye. Na mimi nilimfuata yeye mpaka nilipotimiza miaka thelathini, ndipo damu ya Kwihara ilipokumbuka kwamba ina safari. Hatukuwahi kukaa chini tukajiuliza ilikuwa imelala wapi muda wote huo.

Nilimjibu Najiat kwamba mambo ya damu hayaharakishwi.

Sasa kuhusu mafuta yenyewe, maana yamesemwa mengi mjini na lazima nawe ujue ukweli wake. Natumia nta ya Advera, yule rafiki yangu wa Kwihara tuliyesoma naye. Mume wake Valentino ana mizinga msituni, na nta yao ni ya njano safi, inanukia asali hata ikikaa mwaka. Naiyeyusha kwa moto mdogo pamoja na mafuta ya nazi na ya alizeti, naipua, naiacha ipoe kidogo, ndipo nachukua vidonge laini vya vitamini E, vile vya duka la dawa vyenye mafuta ndani, nakitoboa kimoja kimoja kwa pini na kukikamua humo. Hakuna kingine. Kina mama wa sokoni wenye magaga wanajua kazi yake, na watoto wanaopasuka mashavu mwezi wa saba wanajua. Si mafuta ya uongo. Uongo ulikuwa mahali pengine.

Tukaanza singo. Unaijua desturi ya nyumba yetu: anayemsinga mwali huchovya bakulini akajipaka shavuni mwake kwanza, ndipo ampake mwali, ili mwali aone kwamba hapakwi kitu ambacho somo wake anakiogopa. Bibi alikufanyia wewe, nawe ukanifanyia mimi. Basi siku ya kwanza nilichovya ile liwa na karafuu, nikajipaka kwenye kifundo cha mkono. Najiat ana macho kama yako. Akaniuliza mbona si shavuni. Nikasema kichwa kinaniuma, harufu ya karafuu inanizidi. Siku ya pili nikafanya vilevile, na ya tatu. Hakuuliza tena.

Siku ya nne asubuhi aliniita kwa sauti ya mtu aliyefunikwa mto. Nikaingia. Uso ulikuwa umevimba, mwekundu, malengelenge kuzunguka mdomo na mashavuni, macho yamefumba kama aliyeumwa na nyuki. Nilipiga kelele mpaka jirani akaruka ukuta. Tukampeleka kliniki ya ngozi kwa bajaji, amejifunika mtandio, akinishika mkono kwa nguvu hadi leo nauhisi.

Daktari, kijana mmoja mpole anaitwa Octavian, aliuliza kila kitu kilichogusa uso ule. Najiat akasema ni singo na mafuta ya vitamini, basi. Niliweka chupa yangu mezani. Hakuikashifu. Alisema vitamini E ni rafiki wa mafuta, husaidia ngozi isipoteze unyevu wake, huyafanya mafuta yenyewe yasichache upesi, na nywele kavu zikipakwa hazikatiki ovyo. Alisema kazi yake ni kulinda, si kubadilisha, na anayeitegemea imbadilishe rangi atasubiri sana. Ila zipo ngozi chache zinazoikataa, kwa hiyo tuyaache hayo mafuta pamoja na singo, atampa dawa ya kupoza, tuone.

Pale ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi isiyo yake. Niliona chupa yangu imewekwa kando kama mshitakiwa, nikaona wateja wangu wote wakiondoka, nikasema vitamini haina kosa, labda nta. Nikasema nta ya siku hizi haiaminiki, nyuki wanazunguka kwenye mashamba ya tumbaku yaliyopigwa dawa na kutuletea sumu ndani. Sikuwa na ushahidi hata wa sisimizi. Halafu nikakupigia simu wewe nikayarudia yaleyale, nawe ulikuwa mzanini. Kabla ya alasiri Bukene yote ilijua kwamba Advera wa Kwihara ameuza nta yenye sumu. Ukamtumia ujumbe wa sauti. Nimeusikia, dada, alinisikilizisha mwenyewe. Ulimwita muuza sumu, ukasema mwanao akiharibika uso atakutana nawe mbele ya haki. Ujumbe huo ulipita kwenye makundi ya simu mpaka ukafika kwa wapika sabuni wa hapa mjini, na wote wakakataa nta yake. Valentino alirudi Kwihara na gunia lilelile alilokuja nalo, kwenye baiskeli ileile, akiisukuma.

Mafuta tukayaacha. Dawa ya daktari tukaipaka. Na uso ukazidi. Ngozi ilianza kubanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake kukawa kubichi. Mama yake Sadiki alipokuja nikasimama mlangoni nikamwambia mwali ana malaria. Akasema malaria ya siku hizi ina mambo, akaondoka, na kesho yake wakaomba harusi isogezwe mwezi mmoja. Najiat aliposikia aligeukia ukutani. Alisema Sadiki akimwona hivi hatarudi, na kwamba hana haki ya kumlaumu. Siku mbili hakuweka kitu mdomoni isipokuwa uji, tena kwa mrija. Nikawa nakaa naye, namsikia akilia taratibu ili machozi yasimchome.

Siku ya tano nilibadilisha foronya yake. Ndani ya foronya, kwenye kona, mlikuwa na kikopo kidogo cha mafuta ya mgando, kimeoshwa na kujazwa krimu nyeupe yenye harufu ya manukato na dawa ya kufulia. Nilikipeleka kliniki yeye mwenyewe akiwa nami. Daktari alikifungua, akanusa mara moja, akakisukuma mbali. Alisema huyu ndiye mchomaji. Ni mkorogo, ndani yake huenda mna zebaki na dawa kali za ngozi ambazo hospitali hutolewa kwa kipimo, na binti amekuwa akiupaka mnene, asubuhi na usiku, juu ya ngozi iliyokwisha kusuguliwa kwa singo. Kisha alivyoona anaungua akazidisha, akidhani kuungua huko ndiko kunakomtoa weusi. Nta haina hatia. Vitamini haina hatia.

Alibadilisha matibabu, na tangu siku ile uso ulianza kurudi. Siku ya kumi Najiat aliomba kioo. Kesho yake aliomba ugali na kisamvu. Wiki mbili zilipotimia alimruhusu Sadiki aje, akakaa naye barazani, mimi nikiwa dirishani ninapostahili kuwa. Yule kijana alimtazama, wekundu ukiwa bado upo, akamwambia kwamba siku ya kwanza alipomwona pale Bukene alishuka kwenye baiskeli kwa sababu ya rangi hiyohiyo, kwa hiyo hajui ni nani aliyeagiza nyingine. Nililia, dada. Nililia nikiwa nimeshika pazia mpaka likachomoka.

Sasa nimezunguka vya kutosha. Nimekuambia ameponaje, nimekuambia kikopo kilikuwa na nini. Sijakuambia krimu ile aliichota wapi. Aliichota kwangu.

Kopo lake kubwa lilikuwa ndani ya sanduku langu la kanga, chini ya ile kanga ya marehemu mama ambayo wewe na mimi tu ndio hugusa. Halina jina wala karatasi. Nimekuwa nikilinunua kwa mwanamke mmoja anayeyaleta kutoka Dar, na limekuwa usoni mwangu miaka kumi na moja. Hiyo ndiyo damu ya Kwihara. Hakuna nyingine.

Ilianza hivi. Nilipofungua biashara ya mafuta, mteja wangu wa kwanza alinitazama juu mpaka chini akaniuliza, mwuza urembo mwenyewe mbona mweusi tii? Nianze kujipaka mwenyewe kwanza, wao waone. Nilimcheka mbele ya watu, nikaenda ndani nikakaa na neno lile wiki nzima. Ndipo nikanunua kopo. Miezi mitatu baadaye nikawa natengeneza mafuta usiku na mchana na hayatoshi. Watu walipouliza unapaka nini, sikusema uongo kwa mdomo, niliinua tu chupa ya vitamini. Ndivyo nilivyojidanganya, kwamba kuinua chupa si kusema. Halafu ukaja wewe wakati wa Idi, ukanishika mashavu, ukatokwa na machozi, ukasema kumbe ile habari ya Mwarabu ni kweli, damu ya Kwihara imejitokeza. Ulikuwa na furaha sana, dada. Ningesema nini? Hadithi uliileta wewe, mimi niliikalia tu, na mkao ulikuwa mzuri. Ngozi ikazidi kuwa nyembamba, nikitoka juani inaniwasha, singo hata kidogo shavuni ni moto. Ndiyo maana nikawa najipaka kifundoni. Na kwa kifundo hicho Najiat akajua kwamba mama yake mdogo ana kitu kingine, akakitafuta mpaka akakipata.

Hilo bado si baya kuliko yote. Baya ni hili. Nilijua. Siku ya pili baada ya kutoka kliniki, alfajiri baada ya kuswali, nilifungua kopo langu nikaona alama ya kidole kisicho changu, kirefu, kimezama hadi katikati. Nikachukua kijiko nikasawazisha ile alama, nikalihamishia kopo kwenye pipa la unga, nikajiambia kwamba likishakuwa mbali naye mambo yamekwisha, hakuna haja ya mtu kujua. Kumbe alikwisha kuchota akiba yake. Siku tatu nzima nilimsikia akilia, nikaona uso ukizidi, nikamwacha daktari akitafuta gizani, nikaacha jina la Advera likipakwa matope mji mzima, kwa sababu ya kulinda rangi isiyo yangu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto wetu alikuwa amelala kwenye nguo zangu.

Kule kliniki daktari aliuliza kikopo kile kimetoka wapi. Najiat aliinamisha kichwa, akasema kwa ile midomo iliyopasuka, kwamba amenunua gulioni kwa mama mmoja asiyemjua. Alikuwa ananificha mimi. Anaungua, na ananificha. Nikahisi kama nimepigwa kofi na marehemu mama. Nikasema, "Ni yangu. Miaka kumi na moja."

Nilitazama sakafu nikisubiri mwanao anilaani, na angekuwa na haki. Halafu nikasikia sauti ya ajabu, nikainua macho, ni Najiat anacheka, ameshika mashavu yasimuume.

"Kumbe damu ya Kwihara inauzwa kwenye kopo, mama mdogo," akasema.

Alicheka mpaka mdomo ukatoa damu, mimi nikalia mpaka mtandio ukalowa, na daktari wa watu akatugawia karatasi za kufutia sote wawili bila kujua ampe nani kwanza. Mchana ule nilirudi nyumbani nikalala tangu adhuhuri mpaka magharibi, kitu ambacho sijafanya tangu niolewe. Njia ya mwongo ni fupi kweli, lakini yangu niliichosha kwa miaka kumi na moja, na sikujua jinsi nilivyochoka mpaka nilipoketi. Nimepata raha, dada, tena naona haya kusema kwamba nimepata raha kwa gharama ya uso wa mwanao, lakini ndiyo kweli.

Najiat alitaka kukueleza yeye. Nikamwomba aniachie, kwamba aliyechafua maji ndiye ayachote. Yeye ameniwekea sharti moja tu, kwamba niseme yote.

Baada ya hapo nilikwenda Kwihara. Nilimkuta Advera akichuja nta kwa gunia nje ya nyumba, mikono imepakaa hadi viwiko. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kuketi. Alimaliza kuchuja kwanza. Kisha akasema, "Nyuki wangu hawavuti tumbaku, Mwanamkuu." Akanisogezea kigoda. Hakunipunguzia neno hata moja, akaniambia yote aliyokuwa ameyaweka, kuhusu Valentino na ile baiskeli, na kwamba padri wao alimuuliza kama kuna ukweli. Tulipoachana alinifungia bonge la nta kwenye gazeti. Nilikataa, akasema nisimletee madaha, mwali anahitaji mafuta.

Ila alisema neno moja ambalo ni lako. Alisema ombi langu la radhi amelipokea kwa sehemu yangu, lakini sauti iliyomtangaza si yangu, na hiyo sauti bado inatembea kwenye simu za watu. Nami nimezunguka kwa wapika sabuni wote, mmoja mmoja, nimewaambia kosa ni langu, na watatu wamerudi kununua nta yake. Sauti yako siwezi kuirudisha mimi. Kwa hiyo nakuomba, dada, kwa heshima zote, mimi mdogo wako ambaye ndiye niliyekupotosha: mtumie ujumbe mwingine. Useme kwa sauti ileile kubwa. Weka simu juu ya mzani, Bukene wote wasikie. Ukitaka kunitukana humo mimi, nitukane, nitafurahi.

Na ile hadithi tuiache ipumzike. Bibi mwenyewe aliwahi kuniambia jikoni, nikiwa mdogo namchambulia mchicha, kwamba babu yake wa Kwihara alikuwa mpagazi, Mnyamwezi kamili, aliyebeba pembe kichwani hadi pwani na kurudi kwa miguu yake mara nne. Sisi hiyo hatukuipenda, hatukuisimulia. Sasa hivi mimi naiona ni safari ya kutosha kujivunia.

Usoni pangu, kusema kweli, si pazuri kutazama kwa sasa. Daktari ananitoa kwenye ile krimu hatua kwa hatua, maana kuikata ghafla nako kuna adhabu yake. Nimetoka vipele, nina mabaka, paji la uso rangi moja na mashavu nyingine. Wateja wawili wameniita kinyago. Nimeandika karatasi mpya kwenye chupa: hulainisha ngozi, huzuia nywele kukatika, hayamfanyi mtu mweupe. Niliogopa kwamba sitauza hata moja. Nauza kidogo kidogo, na zaidi ya mwanamke mmoja amekuja na mtandio umeshushwa usoni, akanong'ona kuniuliza mimi nimeachaje. Nawaelekeza kwa Daktari Octavian.

Jana tulianza singo tena, ya mikono na miguu peke yake, uso daktari ameukataza. Nilichovya mafuta, nikajipaka shavuni. Hayakuchoma. Najiat alinitazama mpaka nikamaliza, ndipo akaninyooshea mkono wake nimpake.

Nisalimie shemeji sana, na watoto, na wapakiaji wako wote waliokoswa na fimbo. Najiat anakusalimu, anasema usisahau gauni lake la kijani na kile kijungu cha samli. Advera nimemwalika kwenye harusi, atakuja na Valentino, na viti vyao nimeviweka karibu na cha kwako, kwa hiyo ule ujumbe utume mapema. Kama umekasirika, na najua umekasirika, njoo na hasira yako hivyohivyo, nyumba ina nafasi. Ila njoo.

Masele atakuleta mbele kwenye fuso lake Alhamisi ya tarehe kumi na nne, nami nitakuwa nimesimama mahali palepale anaposhushia mchele. Ukishuka, dada, usiangaze macho kumtafuta yule mweupe wako. Hayupo tena. Tafuta sura ya baba.

Ndimi mdogo wako anayekupenda na kukuomba radhi,

Mwanamkuu